Mzee Aliyefuata Meno Yanayovuja

Kama uliziba jino Uvira miaka ile ya vita, huenda ni yeye aliyekuziba, na huenda pia alikugombeza. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakupenda kutajwa, na mji mzima ulimwita Muzee wa Meno tangu kabla hajazeeka. Nilifanya naye kazi miaka tisa. Nilianza nikiwa muuguzi mwenye diploma mpya na kiburi kipya, binti wa Kiislamu kutoka familia ya wafanyabiashara, na yeye alikuwa Mkatoliki wa misa ya alfajiri. Alinifundisha mengi kuliko shule, na nusu ya hayo niliyapokea huku nimenuna.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mtaa wa Rugenge. Kiti cha mgonjwa alikinunua kwa kinyozi aliyehama. Mashine ya kutobolea meno aliikanyaga kwa mguu kama cherehani, kwa sababu umeme ulikuja ukipenda. Pamba alileta mbichi kutoka kwa wakulima wa bonde la Ruzizi, tukaichemsha, tukaianika, tukaivingirisha iwe kama vidole vidogo vya kuweka kando ya jino. Vidole hivyo vya pamba vilinitoa machozi. Nilisomea uuguzi ili nivingirishe pamba? Nilimuuliza hivyo siku moja, mbele ya mgonjwa. Hakukasirika. Aliendelea kukanyaga mashine yake, akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira, ambamo ndiyo ni njo, "Mate njo adui, dada. Risasi utaisikia. Mate hautaisikia."

Hilo ndilo lililokuwa wazo lake kubwa, na karibu kila alichofanya kilitoka humo. Alikuwa akisema kwamba kuziba jino si kujaza shimo; hata mtoto anaweza kujaza shimo kwa udongo. Kazi iko pale dawa inapokutana na ukuta wa jino. Pale pana ufa mwembamba usioonekana kwa macho, na mate hupita humo, na pamoja na mate hupita sukari na uchafu, na jino linaoza kwa ndani huku juu linang'aa. Mgonjwa anakusifu miaka miwili, kisha siku moja shavu linavimba. Katika nchi yenye amani, mtu huyo anarudi kwa daktari. Kwetu, siku ambayo shavu linavimba anaweza kuwa msituni, au kwenye mtumbwi, au kambini ng'ambo ya ziwa ambako hakuna hata aspirini. Kwa hiyo alikausha jino kwa subira iliyoudhi kila mtu. Mara moja milio ya bunduki ilianza kusikika milimani, mgonjwa akataka kuruka kutoka kitini. Mzee akamkandamiza paji la uso kwa kiganja. "Lala. Ukikimbia na shimo wazi, utakimbia nayo mpaka Kigoma." Mgonjwa akalala. Na mimi nilibaki, ingawa miguu yangu ilikuwa imeshafika nyumbani.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Chai yake ilikuwa na vijiko vitano vya sukari, na alitafuna muwa barabarani mchana kweupe, wagonjwa wake wakimtazama. Ukimwuliza, alijibu kwamba anafanya uchunguzi. Sindano alizichoma kila siku, lakini siku yeye alipougua malaria ilibidi watu wawili wamshike, na alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Alikuwa mkali kwa wanaokuja wamechelewa. Methali moja aliichukia kabisa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mgonjwa alikuja nayo akidhani ni wa kwanza kuikumbuka. Mzee alivumilia mpaka wa tatu kwa siku, wa nne aliambiwa, "Basi jenga ukuta, mama. Minye naenda kula."

Lakini mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, yeye ndiye aliyeniuliza mwandamo. Watu wanaofunga hawawezi kukaa kitini na maji yakiwaingia kooni, kwa hiyo Waislamu aliwapanga baada ya magharibi, na mwezi mzima alikuwa akifungua chumba mara mbili kwa siku bila kulalamika. Mama yangu alikuwa akimletea sambusa na tende. Alizila, kisha akamweleza mama, kwa adabu, kwamba tende zinashika kwenye meno. Mama alicheka sana, lakini tende hakuacha kumletea.

Sasa nieleze habari ya rangi ya kucha, maana mjini ilileta maneno. Wanawake wa sokoni walimwona mzee mzima ananunua kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, na baada ya wiki mbili kingine. Wakahitimisha wanavyojua wao. Mkewe, mama mpole aliyekuwa akiuza dagaa wa ziwani waliokaushwa, aliulizwa kwa mafumbo mpaka akachoka. Alikuja kwetu kazini na kusimama mlangoni. "Baba, huyo mwanamuke iko na kucha ngapi?" Mzee akamwita ndani akamwonyesha.

Alikuwa na kopo la meno yaliyong'olewa. Kila dawa mpya ya kuzibia ilipofika, kabla ya kuiweka kinywani mwa mtu, aliziba kwanza meno manne au matano ya kopo lile. Kisha alipaka jino zima rangi ya kucha, isipokuwa pale ukingoni mwa dawa. Akalizamisha katika chai ya moto, kisha maji baridi ya ziwa, kisha moto tena, kwa sababu ndivyo kinywa cha mtu kilivyo. Mwishoni alililaza siku nzima katika wino wa bluu wa maabara, na wino ulipokosekana, wino wa muhuri. Baadaye alilipasua katikati kwa msumeno mwembamba na kulitazama kwa kioo cha fundi saa. Kama dawa imeshika, wino unabaki nje. Kama inavuja, unaona mstari wa bluu umeteremka kando ya dawa, wakati mwingine mpaka chini kabisa. Mkewe alitazama kwa kioo muda mrefu. Alirudi sokoni akawaambia wenzake kwamba mumewe anawapaka kucha wafu. Maneno yaliisha.

Ninaeleza yote haya ili uelewe kwamba mtu huyu, pamoja na uangalifu wote huo, alikosea. Na alikosea kwa sababu ya kitu ambacho alikijua vizuri mno.

Vita vya kwanza vilipotulia kidogo, tulipewa msaada: taa ndogo ya mwanga wa bluu inayotumia betri, na dawa nyeupe ya kuzibia ambayo inaganda ikimulikwa na taa hiyo. Ilikuwa nzuri kuliko chochote tulichowahi kushika. Tuliipima kwa wino kwenye meno ya kopo, ikashika vizuri. Mzee alifurahi, akaanza kuitumia kwa watu. Lakini meno ya watu yanauma, ya kopo hayaumi. Kwa hiyo kinywani mwa mtu aliweka kwanza chini, karibu na mshipa, dawa ya mafuta ya karafuu, kama alivyofanya miaka yote, ili kutuliza maumivu. Juu yake akaweka ile nyeupe. Hakuna aliyetuambia kwamba mafuta ya karafuu yanaizuia dawa nyeupe kuganda. Karatasi ya maelezo ilikuwa katika lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua.

Baada ya miezi saba alikuja mwalimu kutoka Katogota, kijiji cha bondeni, shavu limevimba. Mzee aligusa tu ile dawa kwa ncha ya chuma, ikatoka yote, nzima. Chini palikuwa na majimaji yanayonuka karafuu. Alimsafisha mwalimu, akamtibu, akamshukuru kwa kuja, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgonjwa yeyote. Kisha akafunga mlango, akaziba meno matano ya kopo kwa karafuu chini na dawa nyeupe juu. Siku ya tatu tuliyapasua. Yote yalikuwa bluu mpaka ndani.

"Ni watu wangapi?" nilimuuliza.

Alikuwa ameshahesabu. Ukimtoa mwalimu, walibaki ishirini na sita. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Mtu mwingine angengoja waje. Nilimwambia hivyo: Mzee, atakayeumwa atakuja mwenyewe. Vita vya pili vilikuwa vimeanza kunukia, njia za bondeni zilikuwa mbaya. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Atakuya na miguu gani, kama inchi inakimbia? Weye uliona ile jino ya mwalimu. Ingemushika barabarani, angekufa. Minye njo nilimuwekea." Akachukua daftari, akaandika majina ishirini na sita, mahali wanapokaa, na namba ya jino la kila mmoja. Akaniketisha kitini, akaanza na mimi.

Wale wa mjini tuliwamaliza kwa wiki mbili. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Alikwenda nyumbani kwa mtu, akamweleza kosa waziwazi mbele ya watu wa nyumba, akalitoa lile jino dawa, akaliziba upya. Kuomba msamaha aliacha mpaka mwisho. Alisema mtu haombi msamaha mikono mitupu. Kwanza rudisha kilichoharibika, ndipo useme. Wengine walimsamehe kabla hajamaliza kusimama. Baba mmoja alimfukuza, na kesho yake tukarudi, akatufukuza tena, na siku ya tatu akafungua kinywa.

Kisha tukatoka mjini kwenda bondeni, yeye na mashine yake ya kukanyaga juu ya baiskeli, mimi na mfuko wa pamba. Karibu na Katogota tulifika kizuizi. Wenye silaha walikuwa wa kundi gani sikumbuki, walibadilika mara nyingi. Walitupekua, wakakuta daftari. Mkubwa wao alilisoma polepole, na nikaona uso wake unabadilika. Mpaka hapo hatukuwa tumefikiria, sisi wawili wapumbavu wenye elimu, kwamba katika vita mtu hatembei na orodha ya majina ya watu.

"Hii iko nini?" aliuliza. "Jina ya batu. Mahali banakaa. Hapa thelathini na sita, hapa arobaini na sita. Iko bunduki?"

"Iko meno, Komanda," Mzee akasema.

"Meno."

"Namba ya meno. Tatu, ni upande wa kushoto, chini. Sita, ni jino ya sita, unahesabu kutoka katikati."

"Weye uko nanichezea, Muzee." Aliisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha.

"Hapana. Huyu dada iko ndani ya liste. Soma jina yake kwa kitambulisho. Halafu angalia mu kinywa."

Nilifungua kinywa pale barabarani, jua la saa sita likiingia mpaka kooni. Komanda akaingiza ncha ya kalamu yake, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kalamu iligonga meno yangu, na nilikuwa nasoma moyoni kila aya niliyowahi kufundishwa madrasa. Sita. "Iko hapa," akasema. "Nyeupe." Wenzake wakaja mmoja mmoja kutazama. Naweza kusema kinywa changu kimekaguliwa na jeshi.

Komanda akafunga daftari. "Sasa unabafuata ya nini?"

"Niliharibu kazi. Naenda kuitengeneza."

Akacheka, bila ubaya. "Mu hii inchi, nani anatembea kwa sababu aliharibu kazi?" Alichana ule ukurasa, akauchoma kwa kiberiti chake cha sigara mbele yetu. Alisema wa kizuizi kinachofuata hawatahesabu meno. Tuliondoka tukiwa hai, na kwa hilo namshukuru Mungu, na komanda yule pia, popote alipo, na zaidi ya wote namshukuru Mzee, ambaye sauti yake haikutikisika hata mara moja. Jioni ile alitapika nyuma ya nyumba ya yule mwalimu wa Katogota, tulikolala.

Tangu siku hiyo orodha ikabaki kichwani mwake. Alikuwa akiitaja njiani kwa sauti ya chini kama watu wake wanavyotaja litania ya watakatifu: baba fulani, thelathini na sita, mama fulani, arobaini na saba. Kila tulipomaliza mmoja aliliacha jina lake. Wagonjwa ishirini na watano walituchukua miezi mitano. Mmoja alikuwa ameshakimbilia ng'ambo, akarudi. Wawili tuliwakuta shambani. Akabaki mmoja.

Alikuwa mama mfugaji wa Bijombo, aliyekuwa akishuka mjini kuuza siagi. Mzee alimziba siku ya soko. Tulipotaka kupanda kumtafuta, mapigano yalikuwa yamefunga njia ya milimani. Tulijaribu mara tatu. Mara ya tatu wenyeji wenyewe walitugeuza, wakimwambia Mzee atawaua watu kwa ukaidi wake. Vita vya pili vikaja, vikakaa. Miaka ikapita. Kila mtu aliyeshuka kutoka juu, awe na mbuzi, awe na mzigo wa viazi, aliulizwa habari za mama wa siagi. Wengine walisema amekufa. Mzee hakuwaamini. Mikono yake ilianza kutetemeka, akaacha kazi, lakini kuuliza hakuacha. Mkewe aliniambia kwamba hata usingizini alikuwa akitaja namba: thelathini na saba.

Mimi nilivuka mpaka kwenda Bujumbura, nikasoma zaidi, nikawa daktari wa meno kamili. Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya kunisifu, mistari minne, mmoja ukisema kwamba nina hasira lakini pamba yangu ni kavu. Kliniki ninayofanya kazi ilipata mashine ya leza. Ni mwanga unaopiga maji yaliyomo ndani ya jino, ukaondoa sehemu iliyooza kwa vipande vidogo mno, bila kuacha ule unga unaobaki ukutani baada ya chuma kutoboa. Ukuta ukiwa safi, dawa inaweza kushika vizuri zaidi na ufa ukapungua. Siku ya kwanza kuitumia nililia chooni, kwa kumfikiria yeye na mguu wake juu ya kile kikanyagio.

Mwaka mmoja baadaye mlinzi wa kliniki alikuja kuniambia nje kuna mzee na mama mmoja, hawana miadi, na mzee ni mkali. Alikuwa amekonda, fimbo mkononi. Mama alikuwa mrefu, wa makamo, amejifunga kitenge mabegani. Vita vilikuwa vimemshusha kutoka Bijombo, akawa anaishi kwa ndugu pembeni mwa Uvira, na Mzee alikuwa amemkuta sokoni, akamtambua si kwa uso bali kwa jinsi anavyotafuna upande mmoja.

"Thelathini na saba," Mzee aliniambia, hata salamu hakutoa. "Mikono yangu haiwezi tena. Fanya weye."

Jino lilikuwa limeoza chini ya dawa, karibu sana na mshipa, lakini mshipa ulikuwa bado hai. Nilichoma ganzi. Mzee alikataa kukaa nje, kwa hiyo nilimpa miwani ya rangi ambayo kila mtu chumbani lazima aivae, na akasimama upande wa pili, ameshika bomba la kunyonya mate. Mikono ilitetemeka, bomba likagonga, lakini mahali pa kuliweka alipajua kuliko mimi. Leza ilikuwa inagonga tak, tak, tak. Hakuuliza kitu mpaka nilipomaliza kuziba.

"Huu mwanga," alisema, "unaziba ufa?"

Nilitaka kumdanganya, kweli nilitaka. Nilitaka aende nyumbani akijua kwamba kitu alichopigana nacho maisha yake yote kimeshindwa. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kupasua jino na kutazama.

"Unapunguza, Mzee. Wengine wanaona unapunguza sana, wengine wanaona kidogo. Kuziba kabisa, hapana. Sijaona kinachoziba kabisa."

"Hata huu?"

"Hata huu."

"Basi hata bale benye mashine, mate inabashinda," alisema.

Kisha akamgeukia mama, akajinyoosha kwa fimbo yake, akasema maneno aliyowaambia wale ishirini na watano, hakupunguza hata moja. Kwamba alimwekea dawa juu ya dawa bila kujua. Kwamba kosa lilikuwa lake, si la dawa. Kwamba anaomba msamaha.

Mama alifungua kinywa kujibu. Nusu ya mdomo ilikuwa na ganzi, neno likatoka limepinda, na mate yakafuata. Mwanamke wa heshima zake. Akavuta kitenge akafunika mdomo, akatikisa kichwa. Mzee aliona kile kichwa kinatikisika, akadhani amekataliwa. Nilimwambia ni ganzi tu, itaisha, lakini aliketi polepole kwenye benchi karibu naye, na wote wawili wakangoja. Niliwaacha, nikatibu wagonjwa wengine wawili, nikarudi, bado wanangoja. Niliketi nao. Nilimwambia Mzee pale pale kitu ambacho miaka yote nilikuwa nacho kooni: kwamba kila jino zuri nililowahi kuziba ni kazi yake, na kwamba namshukuru. Alinipungia mkono ninyamaze. Alikuwa anamtazama mama.

Mwishowe mama aligusa mdomo wake kwa vidole, akajaribu, akateremsha kitenge.

"Muzee," alisema, "minye nilitembea na jino tu. Ilikuwa inauma, nilifikiri ni vita. Weye ulitembea na hii yote, miaka yote hii?" Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mzee. "Kama ni pardon, nilishakupatia zamani. Weye tu njo haukukuya kuichukua."

Mzee alivua ile miwani ya rangi, ambayo alikuwa bado ameivaa muda wote huo, akaifuta kwa shati, akaivaa tena haraka ili tusimwone macho.